Tikiseni Begi Mkifika Kwenye Matete

Wadogo zangu mnaobeba mabegi ya gofu kule kando ya ziwa,

Kwanza mnivumilie mwandiko. Shule yangu iliishia darasa la saba, na tangu hapo mkono wangu umeshika kamba za begi kuliko kalamu. Herufi zangu zimelala upande mmoja kama nyasi zenye upepo, na l na r huwa zinanichanganya mpaka leo. Mahali nilipokosea soma polepole, utanielewa. Hata mimi naandika polepole. Niko hapa Mkuyuni kwenye meza yangu ya viatu vya mitumba, na naandika asubuhi kabla wateja hawajaanza kuja, maana mtu akinikuta na karatasi naona aibu naificha chini ya kiatu.

Najua mtamcheka mtu ambaye ndevu zake bado zinaota kwa kusitasita akisema amestaafu. Chekeni tu. Nimestaafu ukedi, kazi hii ya kubeba mabegi. Nilianza nilipomaliza shule, nikaacha mvua za juzi, na sirudi tena. Nisingeandika chochote kama Mama Kabula asingepita hapa wiki iliyopita akaniambia kwamba vigari vya kuzungusha wachezaji uwanjani vimeongezwa, kwamba karibu wachezaji wote sasa wanapanda, na ninyi makedi mnasimama nyuma ya kigari mmeshika chuma kwa mkono mmoja na simu kwa mkono wa pili. Nilimuuliza, "Na kwenye matete je?" Akasema, "Wanapita hivyohivyo." Tangu siku hiyo sili vizuri.

Mama Kabula wengine mnamwona mzee mkali tu anayebeba begi kama gunia la mpunga. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza nilifika na viatu vya shule vilivyokatika kisigino.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Sema tena, sijakusikia. Unaongea na mimi au na shati lako?"

"Na wewe mama."

"Basi shati limesikia, mimi bado."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana, na mbele ya watu ilikuwa inapotea kabisa. Wachezaji walikuwa wananiuliza mpira umeangukia wapi, najibu, nao wanauliza tena, mwisho nanyoosha kidole. Mama Kabula aliniambia kedi asiyesikika ni sawa na tochi isiyo na betri. Lakini hakunifukuza.

Alinifundisha kuvaa kamba za begi mabegani kote mawili, si bega moja kama mwanamitindo. Alinifundisha kuvaa soksi mbili, ya ndani nyembamba, ya nje nzito, ili zisuguane zenyewe na ngozi ipone. Mteremko unaushuka kwa upande, kama mbuzi, usiutazame usoni. Mchana wa jua kali unalowesha taulo bombani na kuliweka shingoni kabla hujasikia kiu. Na siku ya mizunguko miwili, asubuhi na jioni, usile ugali ukashiba mchana. Kula nusu, nusu nyingine umalize ukishaweka begi chini. Niliwahi kushiba sangara na ugali siku ya namna hiyo, na mzunguko wa jioni nilitembea kama mwanamke wa miezi tisa. Mama Kabula akawa ananiuliza kila shimo, "Ni wa kike au wa kiume?"

Lakini somo kubwa lilikuwa la matete.

Shimo la matete mnalijua. Njia inashuka inalizunguka lile jiwe kubwa, halafu inapita chini, matete na maji mkono wa kushoto, nyasi za mteremko mkono wa kulia. Zile nyasi zinamwagiliwa na kukatwa fupi, na kiboko anazipenda kuliko majani yoyote ya ufukweni. Jua likipungua anatoka majini, anapanda kula. Sisi tulikuwa tunamwita mwenye nyumba. "Leo mwenye nyumba kapita," tunasema tukiona nyayo zake asubuhi, kila wayo mpana kama sufuria ya familia.

"Mwenye nyumba hakuchukii," Mama Kabula aliniambia siku ile tumesimama juu ya lile jiwe. "Wala hakujui jina. Akishtuka anataka kitu kimoja tu, maji yake. Ukiwa umesimama kati yake na maji, atapita hapohapo ulipo. Sasa sisi tunafanyaje? Tunamwambia mapema kwamba tunakuja, tukiwa bado huku nyuma ya jiwe. Anashuka zake taratibu, anaingia majini, halafu ndiyo tunapita. Tikisa begi."

Nikatikisa.

"Hiyo ni ya kumbembeleza mtoto mchanga. Tikisa!"

Nikatikisa mpaka fimbo zikalia kacha-kacha-kacha kama vyombo vinavyoanguka kabatini. Nyani wakakimbia juu ya mawe. Tukasubiri. Tukasikia chini maji yakisema bwaa. Kumbe alikuwepo muda wote ule na sikuwa nimemwona. Tangu siku hiyo sijapita pale bila kuogopa. Makedi wote tulikuwa tunafanya hivyo, tunatikisa, tunasikiliza, ndipo tunapita. Wachezaji wageni walidhani ni mila fulani ya Kisukuma. Hatukuwa tunawaeleza sana, kwa sababu mgeni ukimweleza anataka kwenda kupiga picha.

Sasa nije kwa Mzee Kaijage.

Mzee Kaijage ni mtu wa Kagera, bwana shamba wa kahawa mstaafu, amejenga huku Mwanza. Nilimbebea begi tangu mwanzo. Hakupanda kigari hata siku moja. Alisema mchezo wote uko kwenye kutembea, kupiga mpira ni kisingizio. Alikuwa anatembea na kuzungumza na miti. Kwa sababu sikuwa msemaji tulielewana sana.

Miaka ya karibuni pumzi yake ilipungua. Nilianza kuisikia kwenye mlima wa kurudi klabu, ikipiga filimbi kidogo. Ungemwambia "Mzee pumzika", angekasirika. Kwa hiyo nilikuwa nafanya hivi. Nikiisikia ile filimbi, nasimama, nasema "Samahani mzee, kamba ya kiatu," nainama, nafungua kamba nzima, naifunga upya polepole, tundu kwa tundu. Yeye anasimama ananisubiri huku akitazama ziwa, mpaka pumzi inatulia. Halafu tunaendelea. Siku nyingine nilifunga kamba kila baada ya mti. Hakuwahi kuuliza kwa nini kamba zangu hazidumu.

Hiyo ni kazi, wadogo zangu. Haiandikwi popote lakini ni kazi.

Halafu akaja Deo, mwanawe anayeishi Dar es Salaam. Ni kijana mzuri, mcheshi, anampenda baba yake, na ndiyo maana alimletea kigari. Daktari alikuwa amesema moyo wa mzee umechoka. Siku hiyo walikuwa wamepanga kucheza mizunguko miwili, siku nzima ya baba na mwana. Mimi nilikuja kwa begi la mzee, Mama Kabula kwa begi la Deo.

"Mama, wewe pumzika leo," Deo akamwambia. "Kigari kinabeba mabegi yote. Kijana mmoja anatosha kusimama nyuma."

"Na baba yako atakanyaga chini saa ngapi?" Mama Kabula akauliza.

"Daktari kakataa."

"Deo," Mzee Kaijage akasema, "mimi si gunia."

"Baba, tafadhali. Nimekuja kucheza na wewe. Sikuja kukubeba kukupeleka hospitali."

Mzee akamtazama mwanawe, akapanda. Alishika fimbo moja mkononi siku nzima, kama mtu aliyepakiwa kwenye gari na hataki kuachia mzigo wake.

Mimi vigari nilikuwa naviogopa kabla ya siku hiyo. Mgeni mmoja aliwahi kusahau breki mlimani, kigari kikashuka chenyewe taratibu kama muumini anayewahi kanisani, kikapita katikati yetu, kikagonga tangi la maji kikasimama. Mama Kabula akakiambia, "Karibu, mgeni, keti." Tulicheka sana. Lakini mimi niliona jinsi kilivyokuja bila sauti. Kinatumia betri. Usipogeuka hukisikii.

Lazima niseme kweli, mzunguko wa asubuhi kigari kilimsaidia mzee. Filimbi ya kifua sikuisikia hata mara moja. Jua lilikuwa kali, naye alikaa kivulini chini ya kile kipaa. Siwaambii mvichome moto vigari.

Tatizo lilikuwa kelele za fimbo. Barabara ya kigari ina vishimo, fimbo zikawa zinagongana nyuma yetu. Deo akacheka, "Kama tumebeba jiko la harusi!" Wakati wa kula mchana akachukua mataulo ya klabu, akayakunja, akayasukumiza katikati ya fimbo mpaka zikashikana, akafunga mabegi kwa mkanda. Mchana huo tuliondoka kimya kama kivuli.

Tulipokaribia shimo la matete mawingu meusi yalikuwa yamefunika ziwa lote. Jua lilikuwa bado halijatua lakini giza lilikuwa limeshaanza, na radi ilikuwa inapiga mbali upande wa Busisi. Mwenye nyumba hana saa. Akiona giza anajua ni jioni.

"Naomba nishuke nitangulie," nikasema.

Upepo ukaondoka na sauti yangu. Deo alikuwa anatazama mvua, akakanyaga pedali, nasi tukalizunguka jiwe.

Mwenye nyumba alikuwa juu kidogo ya njia, mkono wa kulia, karibu kama upana wa barabara ya hapa Mkuyuni. Nilidhani ni jiwe lingine. Halafu nikasikia jiwe linatafuna. Mlijue hilo, kiboko akila nyasi fupi sauti yake ni kama nguo inayochanwa. Chwaa. Chwaa. Hakuwa ametusikia. Na sisi tulikuwa palepale anapopita kwenda majini.

Deo akasimamisha kigari. Akafanya ambalo mtu yeyote angefanya, akaweka gia ya kurudi nyuma. Na kile kigari kilichokaa kimya siku nzima kikaanza kupiga kelele: pii, pii, pii.

Kutafuna kukakoma. Kichwa kikainuka.

Nikaruka chini, nikanyoosha mkono mbele ya Deo, nikazima funguo. Nikabaki hivyo, mkono kwenye funguo, sipumui. Masikio yake madogo yalikuwa yanazunguka yakitafuta. 

"Tukimbilie kwenye matete," Deo akanong'ona.

"Hapana kaka. Huko ndiko anakotaka yeye."

"Basi tufanye nini?"

"Turudi nyuma ya jiwe. Kwa miguu. Polepole."

"Baba hawezi kutembea haraka."

"Nimesema polepole," nikasema.

Mzee Kaijage alikuwa ameshaweka mguu mmoja chini. Akashika bega langu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. "Deo, mwanangu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwamsha kwenda shule, "shuka utembee na baba yako."

Deo akashuka. Tukaanza kurudi, mimi nyuma nikimwangalia mwenye nyumba, mzee katikati, Deo mbele. Jiwe halikuwa mbali, lakini kila hatua mzee alipumua, na ile filimbi ikaanza. Nilikuwa naisikia kuliko radi. Niliogopa kiboko ataisikia. Niliogopa itakatika. Safari hii sikuweza kufunga kamba ya kiatu.

Hapo ndipo nikasikia juu ya mlima: kacha-kacha-kacha.

Ilikuwa Mama Kabula. Alikuwa hajaenda nyumbani. Aliona wingu, aliona tumechelewa, akachukua begi moja kuukuu la klabu na kukata njia ya juu kuja kututafuta, akitikisa kama tulivyofanya maisha yetu yote. Alikuwa anafanya jambo la sawa kabisa, isipokuwa alikuwa juu, kiboko katikati, na sisi chini njiani. Kila mtikiso wake ulikuwa unamsukuma mwenye nyumba kuja kwetu.

Kiboko akageuka akatuelekea. Akapiga hatua. Udongo ukaporomoka chini ya mguu wake, nikaona vijiwe vikibingirika mpaka karibu na kiatu changu.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilisikia mtu anapiga kelele na kumbe ni mimi.

"MAMA KABULA! SIMAMA! ACHA BEGI!"

Kacha-kacha ikakatika palepale. Hakuuliza kwa nini. Hata mwenye nyumba alisimama, nadhani na yeye alishangaa. Kukawa kimya, matone ya mvua yakaanza moja moja juu ya kipaa cha kigari, to, to.  Tukarudi kinyumenyume, unyayo kwa unyayo. Bega langu likagusa jiwe. Nikamsukuma mzee nyuma yake, Deo akampokea, nami nikaingia wa mwisho.

Tukabaki pale tumejibana. Hatukuweza kukaa, giza lilikuwa linaingia, mvua inakuja, mzee anapumua kwa kuvuta. Na hatukuweza kuondoka naye akiwa amesimama pale juu hajui aende wapi. Nikamtazama mzee. Akaitikia kwa kichwa.

"MAMA! SASA! TIKISA!"

Alitikisa, wadogo zangu. Alitikisa kama anataka kuzivunja zile fimbo. Nikasikia ardhi inapiga chini ya miguu yangu, duu-duu-duu, kitu kikubwa kikapita upande wa pili wa jiwe, chuma kikalia, halafu maji, bwaa, halafu mawimbi kwenye matete kwa muda mrefu.

Kigari tulikikuta kimelala ubavu, kipaa kimekunjamana, upande aliokaa mzee umeingia ndani. Yale mataulo yalikuwa bado yamebana kwenye fimbo. Deo aliyatazama, akakaa chini kwenye matope, akalia. Mzee akamwekea mkono kichwani.

Mama Kabula akashuka kwa upande, kama mbuzi. Alitutazama mmoja mmoja kama anayekagua kuku. Halafu akanigeukia mimi.

"Kumbe sauti unayo," akasema. "Miaka yote ulikuwa umeiweka wapi?"

Tulirudi klabu kwa miguu kwenye mvua. Deo alibeba mabegi yote mawili na hakukubali kupokewa. Mzee alitembea ameshika bega langu. Tulipofika kwenye ule mlima, miguu yangu ikaanza kunigeuka. Woga wote niliokuwa nimeuzuia ulishuka magotini. Nikaona nitaanguka mbele ya watu, na aibu ikanishika, nikawa najikaza.

Mzee Kaijage akasimama.

"Samahani kijana," akasema. "Kamba ya kiatu."

Akainama pale kwenye mvua, mtu wa moyo mchovu, akafungua kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa vizuri kabisa, akaanza kuifunga upya, polepole, tundu kwa tundu. Nikasimama nikatazama ziwa mpaka miguu ikatulia. Alipomaliza aliinua macho akauliza, "Twende?"

Nikasema, "Twende mzee."

Kesho yake nilichukua begi, nikafika juu ya lile jiwe. Nikatikisa. Kukawa kimya, hapakuwa na chochote. Lakini miguu haikushuka. Nilijaribu tena siku nyingine, haikushuka. Nikampelekea Mama Kabula begi. Akalipokea akasema, "Sawa baba. Umetembea vya kutosha." Basi nikaja kwenye viatu. Mzee Kaijage huja kununua kwangu, vya kamba tu, na siku hizi anatembea kidogo barabarani kwake asubuhi. Deo akija huwa anatembea naye.

Sasa ninyi. Mimi sina uwezo wa kuwakataza kupanda. Mchezaji akipanda, pandeni. Lakini kabla ya jiwe shukeni. Mwambie mwenye kigari asimame, na umwambie kwa sauti, akikuuliza "nini?" mwambie tena. Toeni chochote kilichobana fimbo. Tangulia kwa miguu, tikisa, sikiliza, na usiruhusu mtu apite mpaka uwe umesikia maji, au umetazama mteremko wote mwenyewe na kuona ni mtupu. Na kama mwenzako yuko juu na wewe uko chini, kwanza ulizaneni mwenye nyumba yuko wapi.

Na mniandikie. Barua mpeni Mama Kabula, ataileta akija sokoni. Msijali mwandiko, wangu mmeuona. Sihitaji maneno mengi. Mnaweza kuandika hata mstari mmoja, kwamba leo tumefika kwenye matete, tumeshuka, na begi limelia. Nikiupata huo nitakula.

Ni mimi kaka yenu,
Masanja wa viatu, Mkuyuni